Mbegu, miche au machipukizi: kipi kinakuletea minyoo fundo shambani?

Swali hili huwa linaibuka kila msimu wa nyanya. Mtu anang'oa mche uliodumaa, anakung'uta udongo, anakuta mizizi imejaa vinundu kama shanga zilizotungwa ovyo, alafu wa kwanza kupewa lawama ni muuza mbegu. "Nimeuziwa mbegu ina minyoo." Wengine wanaenda mbali zaidi wanabadilisha kampuni, msimu unaofuata wananunua paketi ya bei mara mbili, wanapanda kwenye tuta lile lile, na vinundu vinarudi vile vile.

Niseme mapema kabla hatujaanza kulinganisha: kwa nyanya, hoho, bilinganya, tikiti, tango na bamia, mbegu ya paketi haileti minyoo fundo. Kinacholeta ni chochote chenye mzizi au chenye udongo, yani miche, viazi mbegu, machipukizi ya mgomba, tangawizi ya kupanda, jembe la kuazima, buti zako mwenyewe. Ila yapo mazao machache ambayo mbegu yake kabisa, ile punje, inabeba nematodi ndani (yani minyoo wadogo mno wa mimea, minyoo fundo wakiwemo), mpunga ukiwa wa kwanza, na hapo ndo watu wanachanganyikiwa maana wamesikia sehemu kwamba nematodi anasafiri na mbegu wakadhani ni kila mbegu. Nimeona niweke machaguo yetu kando kwa kando, zao kwa zao, mtu aone hela yake aiweke wapi.

Kwanini paketi ya nyanya haina hatia

Minyoo fundo ni aina moja ya nematodi, wapo wengi, ila hawa ndo maarufu kwa sababu alama yao inaonekana. Mtoto wake anayeingia kwenye mzizi ana urefu wa nusu milimita hivi na ni mwembamba mno, kwa macho humuoni. Akishaingia kwenye ncha ya mzizi anatafuta sehemu ya kula, anatulia hapo hapo, jike linavimba linakuwa duara, seli za mzizi zinazomzunguka nazo zinavimba, na hicho ndo kinundu. Alafu anataga mayai mia kadhaa kwenye kitu kama ute kinachokaa juu ya mzizi. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 mpaka 28, toka yai mpaka yai ni wiki tatu hadi nne tu, kwa hiyo kwenye msimu mmoja wa nyanya unapata vizazi kadhaa bila wewe kujua.

Angalia maisha yake yote yapo wapi: kwenye mzizi na kwenye udongo. Hapandi kwenye shina, haendi kwenye tunda, haingii kwenye mbegu. Hata kama mmea uliozaa ile mbegu ulikuwa na mizizi imeoza kwa vinundu, mbegu iliyotolewa kwenye tunda, ikachachushwa, ikaoshwa na kukaushwa, haina kitu. Na hata kama yai lingejibandika kwa bahati mbaya, minyoo fundo hawawezi ukavu, kule kukauka peke yake kunawamaliza.

Sio kwamba paketi ni salama kwa kila kitu. Virusi vya batobato vya nyanya vinaweza kusafiri na mbegu, kuna ugonjwa wa bakteria unaotoa vidonda kwenye shina nao unasafiri na mbegu. Kwa hiyo kama tatizo ni majani kukunjamana na madoadoa una haki ya kumuuliza muuza mbegu maswali. Tatizo likiwa vinundu kwenye mizizi, muache.

Paketi na trei yako, au miche ya kununua?

Hapa ndo penye mambo. Watu wengi siku hizi wananunua miche, na sababu inaeleweka, mbegu ya chotara ni ghali, ukimwaga kitaluni nusu ikagoma kuota unalia, wakati mtu wa miche anakuhesabia iliyoota tayari. Shida ni kwamba ukinunua mche umenunua na udongo aliokulia. Nematodi mwenyewe kwa kutambaa kwake hafiki hata mita moja hivi kwa msimu, ni mvivu kupita maelezo, lakini ukimpakia kwenye trei, trei ikapanda bodaboda, bodaboda ikaenda wilaya nyingine, amefika bila jasho. Na kinachouma ni kwamba hujamleta kona moja ya shamba, umemgawa kila shimo, shimo kwa shimo, umempandia na chakula chake pembeni.

Wauza miche nao hawafanani. Yupo anayetumia koko piti (unga wa maganda ya nazi) kwenye trei, trei zimekaa juu ya meza ya mbao au waya, anamwagilia maji ya bomba au ya kisima. Yupo anayechota udongo mweusi kando ya mto, pale pale palipokuwa na bustani ya mchicha na nyanya mwaka jana, anachanganya na samadi, anajaza kwenye viriba anapanga chini. Bei zao zinaweza kutofautiana kidogo sana, ndo maana mnunuzi anamchukua wa pili. Mimi kwa maoni yangu huyo wa pili hata akikupa bure ufikirie mara mbili.

Kuna watu wanasema "mimi nakagua mizizi kabla sijanunua." Vizuri, kagua, lakini ujue ukaguzi una mwisho wake. Mche wa nyanya unahamishwa ukiwa na wiki nne hivi. Kama nematodi aliingia mapema utaona vijidonge vidogo kwenye mizizi, hasa ukiiosha kwenye ndoo ya maji badala ya kuikung'uta tu. Aliyeingia siku chache kabla ya wewe kufika humuoni, mzizi unakuwa mweupe safi kabisa. Kwa hiyo mizizi yenye vijidonge ni sababu ya kukataa mzigo mzima, sio kuchagua mizuri na kuacha mibaya, ila mizizi misafi sio cheti. Cha kuuliza ni udongo umetoka wapi, trei zinakaa wapi, maji yanatoka wapi. Hata koko piti ikiwa safi namna gani, trei ukiiweka chini mizizi inatoka kwenye tundu la chini inaingia ardhini, na maji yanayoruka yanarudisha udongo juu.

Ukitaka kuotesha mwenyewe na huna hela ya koko piti, chukua udongo uupike. Pipa, maji kidogo chini, udongo juu yake kwenye gunia au kwenye wavu, moto, mpaka udongo katikati ufike nyuzi 60 ukae hapo nusu saa. Wakulima wa tumbaku kule Tabora na Urambo toka zamani wanachoma takataka juu ya kitalu kabla ya kusia, na hiyo kazi inaua mbegu za magugu na minyoo wa juu juu pia, japo joto haliendi chini sana. Njia ya taratibu ni plastiki angavu, sio nyeusi, unalowanisha tuta unalifunika unabana kingo kwa udongo, wiki nne mpaka sita za jua kali. Inafanya kazi kwenye jua la Dodoma au Kajiado, kule Lushoto kwenye ukungu sikushauri.

Kwa hiyo hapa chaguo langu ni paketi na trei yako ukiwa na muda. Muda huna, basi mtu wa miche mwenye meza.

Paketi ya kawaida au paketi yenye herufi N?

Watu hawasomi herufi kwenye paketi. Mfano Roma VF, mbegu ambayo kila duka la pembejeo inayo: V ni mnyauko wa vetisilia, F ni mnyauko wa fuzari, N haipo. Ukikuta VFN, hiyo N ndo nematodi. Paketi za chotara za siku hizi wanaandika kwa vifupisho vya aina zenyewe za minyoo, Ma, Mi, Mj, maana yake inahimili hizo aina tatu za kawaida.

Huo uhimili ulitolewa kwenye nyanya pori ya Peru, na jeni yake, yani kipande cha urithi kinachoubeba, inaitwa Mi (sio ile Mi ya aina ya minyoo). Mtoto wa nematodi akiingia kwenye mzizi, seli za pale zinajiua zenyewe haraka, anakosa pa kula anakufa. Ni kitu kizuri sana lakini kina kasoro moja ambayo muuzaji hatakwambia: udongo ukizidi nyuzi 28 hiyo jeni inaanza kulegea. Sasa wewe wa Kilosa, wa Kilifi, wa Bagamoyo, umepanda Januari juani bila matandazo, udongo wa juu unachemka, alafu unashangaa mbegu ya "sugu" ina vinundu. Tandaza nyasi. Ukanda wa baridi kama Njombe, Lushoto, Kinangop, huko jeni inafanya kazi bila wasiwasi ila kuna minyoo fundo wa maeneo ya baridi ambao hii jeni haiwagusi kabisa, ndo maana hata kwa paketi ya N sio kufumba macho.

Ukinilazimisha: shamba jipya ambalo halijawahi kuwa na shida, paketi ya kawaida inatosha, hela iliyobaki nunua trei. Shamba ambalo umeshaviona vinundu, hela ya N ilipe, na miche otesha mwenyewe.

Viazi: hapa kosea mara moja ujutie miaka ishirini

Kwenye viazi mviringo, au waru kama wanavyosema ndugu zetu wa Kenya, neno mbegu linachanganya maana mbegu ni kiazi kizima kilichotoka ardhini na udongo wake. Na mdudu wa kuogopa hapa sio minyoo fundo tu, kuna mwingine wa vijifuko ambaye Wakenya wanamwita PCN. Jike lake likifa ngozi inageuka kijifuko kigumu, kidogo kuliko kichwa cha pini, rangi ya dhahabu alafu kahawia, na ndani yake kuna mayai ambayo yanaweza kufika 500. Kijifuko hicho kinakaa udongoni miaka 20 na zaidi kikisubiri mzizi wa kiazi. Kenya kilitangazwa kuonekana 2015, Nyandarua, na baada ya hapo walivyopima maeneo mengine ya viazi wakakikuta sehemu nyingi.

Unayo machaguo matatu.

La kwanza ni kiazi cha sokoni au cha jirani, unachagua vidogo vidogo unapanda. Ndicho kinachopandwa na wengi kwa sababu kipo na ni rahisi. Kinabeba kila kitu: vijifuko kwenye udongo uliogandia machoni mwa kiazi, minyoo fundo chini ya ganda, na mnyauko wa bakteria juu yake. Kuosha kunapunguza udongo, kunasaidia kidogo, lakini aliye ndani ya ganda haoshwi.

La pili ni mbegu iliyothibitishwa, yenye lebo ya wakaguzi wa mbegu, TOSCI huku kwetu Tanzania au KEPHIS kule Kenya. Bei yake inashtua, na kusafirisha magunia toka mbali kunaongeza. Lakini shamba lililoizalisha limekaguliwa na ndicho unacholipia, sio ukubwa wa kiazi.

La tatu ndo naona lina maana zaidi kwa mwenye eneo dogo, ni vipandikizi vyenye mizizi, vinavyotokana na miche ya maabara. Unanunua kamche kadogo kama ka nyanya, kamekulia kwenye koko piti, hakajawahi kugusa ardhi ya mtu. Kila kamoja kanakupa viazi 7 mpaka 10, wenye matunzo wanapata zaidi, na hivyo viazi sio vya kula, ni mbegu yako ya msimu unaofuata. Yani unanunua vichache unazalisha mwenyewe. Vinahitaji maji siku za mwanzo, usipokuwa na uhakika wa maji usivijaribu, vitakauka wiki ya kwanza.

Sasa yote haya yana maana kama kipande cha ardhi ni kisafi. Kupanda kipandikizi cha maabara kwenye udongo wenye vijifuko ni kuwapelekea chakula. Kwa ardhi iliyokwisha kuchafuka kuna wazo lilijaribiwa Kenya na watafiti wa icipe, IITA na Chuo Kikuu cha North Carolina State, matokeo yakatoka 2022: kiazi kinafungwa kwenye karatasi iliyotengenezwa kwa nyuzi za mgomba, yenye kiasi kidogo sana cha dawa ya abamektini, kinapandwa hivyo hivyo. Karatasi inanasa harufu ya mizizi ambayo nematodi anaifuata, anapotea njia, na mpaka karatasi ioze mmea umeshajijenga. Karatasi tupu bila dawa nayo ilisaidia, hiyo ndo sehemu iliyonifurahisha.

Mgomba: jirani, maji ya moto au maabara?

Mgomba hauna mbegu ya kupanda, kila shamba la ndizi limetoka kwenye chipukizi la shamba jingine, na ndo maana nematodi wa migomba wamesambaa kote kote na watu wenyewe. Hawa hawatengenezi vinundu. Wanatoboa mzizi wanakula wanasonga mbele, mzizi unaoza, na unakuja kujua siku ya upepo mgomba wenye mkungu unapolala chini mizizi ikiwa juu. Watu wanasema upepo, au wanasema fukusi, na fukusi naye anaweza kuwepo, lakini chukua mizizi michache uipasue kwa urefu. Mzizi mzima ndani ni mweupe. Ukiona mabaka mekundu meusi yanaenda na mzizi, huyo ndo mwenyewe. Maeneo ya joto anatawala anayeitwa Radopholus similis, miinuko ya baridi kama sehemu za Kilimanjaro na Kagera utamkuta zaidi Pratylenchus goodeyi.

Chipukizi la jirani ni bure, au kreti ya soda. Ni aina unayoijua, ndizi yake umeshaila, hilo lina thamani yake na silidharau, kuna mbegu za kibibi hazipo maabara yoyote. Lakini linavyokuja vile lilivyong'olewa na mizizi na udongo wake, limekuja na wapangaji.

Chipukizi hilo hilo ukilisafisha ni habari nyingine kabisa. Lichonge, toa mizizi yote, menya tunguu (lile shina nene la chini ardhini) mpaka libaki jeupe tupu, hakuna doa jeusi hata moja, na tunguu lenye matundu ya fukusi tupa. Kazi hii ifanyie pale pale kwenye shamba la jirani, maganda yabaki kwake, usiyabebe. Alafu maji ya moto. Njia ya zamani ni nyuzi 52 mpaka 55 kwa dakika 20, inataka kipimajoto na mtu wa kukaa hapo na kuni, ukizidisha umepika, ukipunguza umewaogesha tu. Njia rahisi ambayo IITA waliijaribu ni maji yanayochemka kabisa, unazamisha tunguu lililomenywa sekunde 30 unatoa. Huhitaji kipimajoto, unahitaji kuhesabu. Sufuria la shughuli, moto mkali, na usizamishe mengi kwa mkupuo maana maji yanapoa.

Mche wa tishu kalcha, yani uliokuzwa maabara, ni msafi toka chupani, hauna nematodi hata mmoja, hauna fukusi, na shamba zima linakomaa kwa pamoja jambo ambalo wanaouza kwa mkungu wanalipenda. Ubaya ni bei, na ni laini ukitoka, unataka maji na kivuli na mbolea miezi ya mwanzo. Na sehemu ambayo watu wanajiingiza hasara: wanang'oa migomba mizee wiki hii, wanapanda tishu kalcha wiki ijayo kwenye mashimo yale yale. Mizizi ya zamani bado ipo chini imejaa nematodi, mche mpya mlaini ndo wanauhamia. Lakini huyu Radopholus tofauti na yule wa viazi hana kijifuko cha kujifichia, akikosa mzizi hai anakwisha, miezi sita hivi, mwaka ni uhakika zaidi. Pumzisha, ng'oa kila tunguu linalochipua, panda mihogo au viazi vitamu katikati hapo, alafu ndo ulete mche msafi. Bila kupumzisha, bora ubaki na la jirani ulilolichemsha, hasara yako itakuwa ndogo.

Mimi kwa mwenye migomba ya kula nyumbani na kuuza kidogo nachagua maji yanayochemka bila kufikiria. Tishu kalcha namshauri mwenye ardhi ambayo haijawahi kuwa na mgomba na ana maji ya uhakika.

Mbegu ambazo kweli zinabeba

Mpunga. Kuna nematodi anaishi kwenye sehemu za juu za mmea, anakula majani machanga, na punje inapojaza anaingia chini ya ganda anajikunja analala. Mpunga ukikauka naye anakauka, hafi, na anaweza kulala ghalani miaka miwili mitatu na zaidi, siku unapolowanisha mbegu anaamka. Dalili yake ni ncha za majani kuwa nyeupe kama zimeungua, jani la mwisho kujipinda, suke fupi, punje ndogo. Hapa sasa ukilaumu mbegu umelaumu sahihi. Kwenye skimu ya umwagiliaji maji yanambeba toka jaruba hadi jaruba, kwa hiyo mbegu chafu ya mmoja ni ya wote. Chaguo ni mbegu iliyothibitishwa, au kama unahifadhi yako loweka kwenye maji ya kawaida saa 18 mpaka 24, alafu maji ya nyuzi 51 mpaka 53 kwa dakika 15, kausha. Hii kipimajoto ni lazima, hakuna ujanja.

Kitunguu saumu nacho. Nematodi wa shina anaishi ndani ya punje yenyewe, na wa mazao haya wakikauka wanaweza kulala miaka mingi sana. Saumu iliyolegea kitako, inayonuka vibaya, usipande hata kama ni ya bei poa. Mbegu ya kitunguu maji nayo inaweza kumbeba, japo kwa kiasi kidogo.

Ngano ni hadithi ya kihistoria zaidi, punje inageuka kidonge cheusi kigumu chenye maelfu ya minyoo ndani, na ndo nematodi wa mimea wa kwanza kabisa kuonwa na mwanadamu, na John Needham, 1743. Wanaelea kwenye maji ya chumvi, wanaenguliwa, na mashine za kusafisha mbegu zimemmaliza sehemu nyingi.

Alafu kuna mbegu isiyobeba kitu ndani lakini imechanganyika na udongo. Maharage au soya zilizopukuchuliwa chini, zina vibonge vidogo vya udongo saizi ya punje, na kwenye vibonge vijifuko vinakaa bila shida. Marekani nematodi wa soya walimgundua 1954 North Carolina, na vibonge vya namna hiyo ndani ya mbegu ni moja ya njia anazosafiria. Kupukuchulia juu ya turubai na kupepeta kunatosha. Karanga za mbegu zenye maganda yenye madoa meusi nazo ziacheni.

Kabla hujatoa hela

Zamani kulikuwa na gesi ya kufukiza udongo, metili bromaidi, ilikuwa inaua kila kitu, lakini kwa ajili ya tabaka la ozoni imeondolewa mashambani, nchi zetu mwisho ulikuwa 2015. Zilizobaki madukani zinapunguza tu, na nyingine ni sumu za kutisha. Kwa hiyo kabla ya kulipia kitu kisafi jua ardhi yako ikoje. Chota udongo sehemu nyingi za shamba, kina cha kiganja mpaka futi, changanya, jaza makopo matano sita, panda nyanya isiyo na N. Weka na makopo mawili ya udongo uliopikwa kwa kulinganisha. Baada ya wiki sita ng'oa, osha mizizi kwenye ndoo.

Usichanganye vinundu na vile vya maharage na kunde vya kutengeneza mbolea, vile vinabanduka ukivigusa na ndani vina rangi ya waridi, vya nematodi ni mzizi wenyewe umevimba haubanduki. Na mnyauko wa bakteria ni kitu kingine: kata shina la chini, lining'inize kwenye glasi ya maji safi, ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka huo sio nematodi, japo mara nyingi nematodi ndo aliyemfungulia mlango.

Makopo yakitoka na vinundu, msimu huu kwenye hilo eneo panda marejea (mmea wa mbolea ya kijani unaopunguza nematodi), uifyeke na kuifukia kabla haijakomaa, nyanya ipeleke kwingine. Yakitoka safi, basi hapo kila shilingi utakayoongeza kwenye mche msafi inarudi, ila na jembe la kuazima lioshe kabla halijaingia.